Pale Gitaa Lilipokwama Mara Mbili

Siku ya kumzika Ayuma, pasta alinipa dakika tano. Mtu niliyekaa naye chumba kimoja, tukalala kitanda kimoja, tukakosana na kupatana, ati nimweleze kwa dakika tano! Nilisimama nikasema alikuwa mtu wa watu, nikakaa chini. Kila mtu huwa mtu wa watu siku ya kuzikwa. Yaliyobaki nimeyaandika hapa polepole, kwa sababu kalamu niliiachia darasa la tatu na mkono wangu hauna haraka. Nitaandika mwaka mmoja tu. Mambo ya nilizaliwa wapi na baba alikuwa na ng'ombe wangapi hayamsaidii mtu.

Kilichonirudisha kwenye huo mwaka si mazishi yenyewe, ni wajukuu. Wiki ile ya matanga tulikuwa tunakutana kila jioni kwa Doris, binti ya Ayuma, hapo Ruiru, ghorofa ya tatu. Wazee walikuwa sebuleni wakipanga habari ya mahema na jeneza. Mimi nilikaa jikoni nikichambua sukuma wiki, maana jikoni ndiko mtu husikia vizuri. Nje ya mlango, kwenye ngazi, vijana walikuwa wameinamia simu moja. Kuna bendi moja ya roki, vijana wa hapa hapa, wanapiga magitaa mpaka unadhani stima itakatika, na hao wajukuu walikuwa wanabishana juu yake kama watu wanaogawa shamba.

"Ngoma iko sawa, lakini hiyo video ni takataka," alisema Brayo, mjukuu wangu. "Walishuti wapi, kwa choo?"

"Wewe huelewi," akasema Shiku, binti ya Doris. "Hiyo giza ni ya makusudi. Cheki vile ameshika gitaa."

"Mimi sitaki kucheki, nataka kuskia. Funga macho uskize."

"Sasa nikifunga macho, si wangepeleka kwa redio tu?"

Niliweka kisu chini. Maneno haya haya niliyasikia nikiwa na miaka kumi na tisa, na watu walioyasema wengi wao wako chini ya udongo. Nikatoa kichwa mlangoni nikauliza, "Huyo anayesema video ni mbaya, anaweza kuimba huo wimbo wote?" Halafu Brayo akacheka. "Shosho, kwani nyinyi mlikuwa na video?" Nikamwambia tulikuwa nazo mbili, na moja ilitoka mdomoni mwangu. Akadhani ni maneno ya uzee, akarudi kwa simu yake.

Mwaka ule nilikuwa nashona pindo kwenye kiwanda cha vitambaa Thika, na nilikuwa nimekodi chumba hapo hapo Thika, mtaa wa Kiandutu, pamoja na Ayuma. Alikuwa ametoka Maragoli, mbali huko magharibi, mrefu, mweusi wa kung'aa, mtu wa kucheka akipiga paja la yeyote aliye karibu. Chumba kilikuwa cha udongo na mabati, na ukilala ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Kitanda kimoja, jiko moja la makaa, sufuria mbili, na misumari minne ukutani: miwili ya nguo zangu, miwili ya nguo zake. Jirani zetu Mutiso na mkewe Mbula tuliwajua kwa sauti kabla ya kuwajua kwa sura. "Umetia chumvi mara mbili," Mutiso angesema. "Basi kesho utatia wewe," Mbula angejibu, na sisi upande wetu tukauma blanketi tusicheke. Mimi nilipika githeri ya mahindi na maharagwe, Ayuma alipika ugali na mrenda. Mara ya kwanza kuona mboga inavutika kutoka sahani hadi mdomoni kama uzi wa cherehani, nilitoka nje. Mara ya tatu nililamba vidole. Sasa hivi nikiwa na homa, mboga ninayoitamani ni hiyo, na hapa nyumbani hakuna anayejua kuipika kama yeye.

Jambo moja tu Ayuma hakuwa analicheka, nalo ni mama yake. Mama Jerida alikuwa mtu wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, na alimkuta Ayuma sokoni anacheza huku mtu akipiga gitaa, watu wamemzunguka. Alimwambia mbele ya soko lote, "Kama ni kucheza, nenda ukachezee mbali ambako sitakuona." Ayuma akaenda mbali. Ilikuwa imepita miaka miwili bila neno. Nilimwambia, si tumwombe Musyoka wa boila, yule wa kiwandani, akuandikie barua, yeye ana mkono mzuri. Alikuwa anakoroga ugali, na hakugeuka.

"Barua ni ya kuomba msamaha, Njeri. Mimi sijakosa. Mimi nataka tu anione."

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunaenda kwa Mama Wachira, aliyekuwa na hoteli ya mabati yenye benchi mbili, chai, mandazi, na gramafoni. Nitawataja waliokuwa wanakaa hapo, maana nikimwacha mmoja atakuja kunilaumu hata kama amekufa: Musyoka wa boila, Barasa na ndugu yake Wekesa, Kimani mwenye jino la dhahabu, Wairimu wa Gatundu, Mutiso na Mbula wakiwa wamepatana, Ayuma na mimi. Kitu kilichotuleta pamoja kilikuwa bendi moja ya Ruiru iliyoitwa Nyasi Moto. Hawakuwa wanapiga kama bendi nyingine za wakati huo. Walipiga roki, magitaa yakilia kwa hasira, dramu ikipigwa kama mtu anayevunja mlango, lakini waliimba Kiswahili, mambo ya watu kama sisi. Mama Wachira alikuwa na rekodi yao moja, wimbo wenyewe ukiitwa "Nipe Kiti". Ni mtu ametoka kazini amechoka, anafika nyumbani na kila kiti kina mtu. Basi. Hakuna kingine. Na sisi tulioshinda kutwa tumesimama mbele ya mashine, huo wimbo ulikuwa unatuingia mpaka kwenye magoti.

Kwa Mama Wachira palikuwa na sheria, na aliiweka mwenyewe baada ya Kimani na Wekesa kurushiana chai. Mtu yeyote akitaka kusifu wimbo au kuukosoa, aimbe kwanza. Akishindwa kuuimba wote, anachukua mtungi anaenda kuchota maji ya hoteli, na wengine wanaendelea kubishana bila yeye. Ndiyo sababu mimi, msichana wa darasa la tatu, nilikuwa naogopwa hapo. Wimbo ukinipitia masikioni mara mbili hautoki. Musyoka alikuwa anajua kusoma gazeti zima, lakini maji alichota miezi mitatu mfululizo.

Halafu gari la sinema likaja. Siku hizo kampuni moja ya sabuni ilikuwa na gari linalozunguka nchi nzima; wanafunga kitambaa cheupe uwanjani, giza likiingia wanaonyesha tangazo la sabuni, halafu kitu cha kuchekesha. Safari ile walionyesha Nyasi Moto wakiimba wimbo wao mwingine, "Pikipiki". Ndung'u, mkuu wa bendi, nywele kama kichaka na suruali pana chini, alikuwa anaendesha pikipiki kwenye barabara ya vumbi, na magitaa yanalia, na hakuna mtu anayeonekana akipiga gitaa. Watu walipiga mayowe. Jumapili iliyofuata hoteli iligawanyika.

"Huo wimbo bila hiyo pikipiki ni kelele za makopo," nilisema nilipomaliza kuuimba.

"Na wewe bila hilo jina la kiwanda kifuani ungekuwa nani?" Kimani akanijibu, kwa maana nilikuwa nimevaa fulana ya kiwandani. "Kitu cha kuonekana ni kitu cha kuonekana. Mimi niliona vumbi nikalihisi puani!"

"Haiya! Umeona vumbi. Ulikuwa hujawahi kuliona?"

"Njeri, wacha mtu afurahie," akasema Barasa.

"Afurahie. Lakini asiseme ameskia wimbo. Ameona pikipiki."

Hapo ndipo tulipopata majina ya watu wa sikio na watu wa macho. Mimi nilikuwa sikio, na Ayuma, rafiki yangu wa kitanda kimoja, alikuwa macho kabisa. Aliniambia tukirudi nyumbani, "Wewe unafunga macho kwa sababu hujui kucheza." Alisema kweli. Na hapo njiani akasema jambo lingine. "Hilo gari linafika kila mahali. Litafika hata shuleni kwetu Maragoli."

Pale kiwandani kwenye lango palikuwa na karani mmoja, Gathoni, anayeandika nani ameingia shifti gani. Alikuwa anatoka Ruiru kila asubuhi kwa basi, amesoma mpaka Form Two, na binamu yake ndiye aliyekuwa anapiga dramu ya Nyasi Moto. Hiyo ya mwisho aliitaja kabla ya kukusalimia. Siku moja alituambia, kalamu sikioni, kwamba watu wa sabuni wanataka sinema ya pili, na bendi haijui ifanye wimbo gani. Watu wa Ruiru wanataka ule wimbo wao mwingine, "Tuvuke". Ndung'u amesikia kuna mashabiki Thika wanaong'ang'ania "Nipe Kiti", kwa hivyo amesema Jumapili ijayo mchana pande zote mbili ziende ukumbi wa Ruiru wanakofanyia mazoezi, kila upande useme, yeye ataamua. "Na watakaocheza kwa sinema watatoka upande utakaoshinda," akasema. "Lakini nyinyi msijisumbue na nauli."

Ayuma alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Hakuna mtu mwingine pale langoni aliyejua ni kwa nini.

Tulikuwa tumepanga Musyoka atuzungumzie, kwa sababu ya kusoma. Jumamosi supavaiza akampa shifti ya Jumapili. Wote wakanigeukia mimi. Nilisema aca, hapana, mimi siwezi kusimama mbele ya Gathoni. Ayuma hakubishana na mimi. Alipika, tukala, akaosha sufuria, halafu akakaa ukingoni mwa kitanda akasema, "Kwa Mama Wachira unasimama mbele ya watu wanane. Huko ni wale wale, ukimtoa Musyoka, na wengine kidogo." Ningependa kusema nilijawa na ujasiri. Nilijawa na aibu ya kumkatalia. Lakini nimeishi nikagundua kwamba ukisimama, watu hawawezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili kimekuinua.

Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa Ruiru. Ndung'u alikaa juu ya spika, na kando yake mtu wa gari la sinema, Bwana Ouma, mwenye kofia na daftari. Gathoni akaanza, na lazima niseme, alisema vizuri. "Sinema ni ya macho," alisema. "Kwa 'Tuvuke' kuna mto, kuna daraja, kuna watu wanavuka na mizigo. Unaiona hata kabla ya kuiona. 'Nipe Kiti' kuna nini? Mtu amechoka, anataka kukaa. Tutaangalia nini, kiti?" Ukumbi ukacheka wote. Hata Kimani wetu alicheka, yule msaliti.

Nikasimama. Nikasema kwamba kwa "Nipe Kiti" kuna pale gitaa linapokwama. Kwamba huyo mtu anaomba kiti mara ya kwanza na gitaa linakatika, anaomba mara ya pili linakatika, mara ya tatu ndiyo wimbo unaendelea, na hapo kila mtu aliyewahi kusimama kutwa nzima anajua amefika nyumbani. Nikasema hakuna bendi nyingine nchi hii iliyo na akili ya kukata wimbo namna hiyo. Ndung'u aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Wapi, dada?"

"Wewe ndiye uliyeuimba," nikamwambia. "Mimi naulizwa wapi?"

"Hebu imba."

Nikaimba, kama sheria ya Mama Wachira. Nilipofika pale nikaimba *nipe*, nikakata, *nipe*, nikakata, *nipe kiti*, na watu wetu wote nyuma yangu wakakata pamoja nami, kama tulivyozoea. Mpiga dramu alianguka juu ya dramu zake akicheka. Gathoni alishika mbavu.

"Rekodi yao imekwaruzika! Ngai! Wameimba mkwaruzo!"

Ndung'u alitoa rekodi yake, mpya, akaiweka. Nilisikia wimbo niliokuwa naujua kuliko sala unapita mahali pale kama maji, bila kusimama hata kidogo. Mwaka mzima sisi Thika tulikuwa tunaimba kosa. Tulikuwa tunabishana juu ya kosa. Wairimu wa Gatundu alimwaga machozi juu ya kosa, nilimwona. Niligeuka nikaona wenzangu wanaangalia viatu vyao, na Ayuma hakuangalia viatu, alikuwa ananiangalia mimi, na nikajua huyo anaona gari la sinema likienda Maragoli bila yeye.

Siku hizi ninaposimama kwa chifu huko Theta ninakoishi kuuliza habari ya maji, vijana huniuliza nilijifunzia wapi kutokuogopa. Nilijifunzia pale, kwa kuchekwa na ukumbi mzima na kuona kwamba bado nimesimama. Nilisema, "Sawa. Imekwaruzika. Lakini sasa mmeskia zote mbili. Pigeni kama yetu mara moja, halafu sisi tunapanda basi twende."

"Tuharibu wimbo makusudi?" Ndung'u akauliza.

"Ndiyo. Na nyinyi wote, na wewe Bwana wa kamera, angalieni miguu ya huyu msichana. Msiangalie kitu kingine chochote. Miguu peke yake."

Ayuma akavua viatu. Mara ya kwanza mpiga dramu hakukata, ikawa fujo, wakacheka tena. Mara ya pili walikata wote pamoja, na Ayuma akabaki na mguu mmoja juu, kimya, mwili wote hautikisiki, kama mtu aliyefika mlangoni na mzigo akakuta hakuna pa kuutua. Nikasikia basi likipita barabarani. Akashusha, akainua mwingine, wakakata. Akashusha. Kwenye *nipe* ya tatu, magitaa yalipoingia tena yote kwa pamoja, watu wa Ruiru waliruka. Na Gathoni, nilimwangalia chini ya meza, kiatu chake kilikuwa kinapiga.

Ndung'u alishuka kutoka kwa spika. "Hii ndiyo," alisema. "Tena hivi hivi, na mkwaruzo."

Tuliporudi tukamwambia Mama Wachira. Hakushangaa. "Kwani hamkujua? Kuku alitembea juu yake siku ile ile niliyoileta," alisema, akigeuza mandazi. "Nilidhani mnaipenda hivyo."

Sinema ilifanyiwa kwenye veranda ya nyumba moja ya zamani katikati ya mashamba ya kahawa, nje ya Ruiru. Ayuma alikaa siku mbili akisukwa na Mbula. Aliazima gauni la manjano la Wairimu, akanunua hereni, akajipaka mafuta usoni mpaka akang'aa. "Akiniona," aliniambia, "aone sikuharibika." Nilikwenda naye nikashika mkoba. Alicheza mpaka jasho likaloanisha gauni, akitabasamu kila wakati upande wa kamera. Bwana Ouma alikuwa amelala kifudifudi kwenye udongo na kamera yake. Mimi nilidhani ni uchovu.

Baada ya wiki nyingi gari likarudi uwanjani kwetu. Kiandutu yote ilikuwepo, wengine wamebeba viti vyao. Tangazo la sabuni likapita. Veranda ikatokea. Kiti kikatokea, na Ndung'u amesimama kando yake. Halafu kitambaa chote, kikubwa kama nyumba, kikajaa miguu. Miguu miwili ya Ayuma kutoka kwenye fundo la mguu kwenda chini, kwenye mbao za veranda, inapanda, inasimama, inashuka. Gauni la manjano halikuonekana hata pindo. Watu walikuwa wanapiga makofi, wanapiga mbinja, watoto wote wamesimama mguu mmoja juu. Wimbo ukaisha.

"Uso wangu uko wapi?" Ayuma akauliza.

Nilikuwa naangalia watu wa sabuni wakikunja kitambaa.

"Si ni wewe ulimwambia? Si ulimwambia asiangalie kitu kingine?"

Chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili kinaweza kuwa kikubwa sana. Tulilala migongo ikiangaliana. Alipika mrenda kwenye sufuria yake akala akamaliza, akaosha sufuria, akaninawisha mikono bila kunitazama, kwa sababu alikuwa na adabu hata akiwa na hasira. Nyuma ya ukuta Mutiso na Mbula walianza kunong'ona, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Hata wao walijua. Thika nzima ilikuwa inaimba wimbo na mkwaruzo. Wasichana wa shifti ya asubuhi walikuwa wanasimama mguu juu pale langoni, na Gathoni akanisimamisha siku moja, kalamu mkononi, akasema, "Njeri, nilikosea. Hiyo ni sinema." Nilikuwa nimeshinda kila mtu. Na kila jioni nilirudi kwa mtu ambaye nilikuwa nimemshindia wimbo na kumpotezea uso. Brayo na Shiku wanapobishana kwenye ngazi ni kwa mchezo, na ni vizuri, wabishane. Mimi nilikuwa nimebishana kwa sababu ya rafiki, nikasema vizuri kupita kiasi.

Nilijaribu kumwomba msamaha mara moja. Alisema, "Hujakosa," na alilisema kama alivyolisema lile la barua, bila kugeuka.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua kali, tunafua nje ya mlango. Ayuma alikuwa ameinamia karai, hana viatu, povu limefika vifundoni. Nilisikia Mbula anamwelekeza mtu, "Ni hapo, hapo kwenye hao wawili," nikainua macho nikaona mama amesimama, kitambaa cheupe kichwani, kikapu mkononi, kichwa cha kuku kinachungulia. Hakumwangalia Ayuma usoni. Alikuwa anaangalia chini.

"Mama," Ayuma akasema. Nguo ikamtoka mkononi.

Mama Jerida alinipa kikapu kama mtu aliyenijua miaka yote. Nikaleta kigoda akakaa, nikamletea maji akanywa yote.

"Gari la sinema lilikuja shuleni," alisema. "Walisema watagawa sabuni. Mimi nilienda sababu ya sabuni."

Ayuma alibaki amesimama, mikono inadondosha maji.

"Nikaona miguu. Nikamwambia pasta, hiyo ni miguu ya Ayuma. Akaniambia, mama, miguu ni miguu. Nikamwambia, kidole cha pili kimepita kidole gumba, vile vya baba yake, nimeviosha mimi, utaniambia nini? Uso mtu anaweza kupaka poda nikampita njiani. Nikamuuliza yule mwenye gari, hawa wanaocheza wanatoka wapi. Akasema Thika, kiwanda cha vitambaa. Nikamwambia arudie sinema."

"Akarudia?" niliuliza. Sikuweza kujizuia.

"Alirudia mara mbili. Watu walitaka kwenda kulala."

"Na wimbo?" Ayuma akauliza, na sauti yake sikuitambua, ilikuwa ya msichana mdogo. "Wimbo uliuonaje, mama?"

"Wimbo ni kelele. Mtu anataka kiti, si apewe kiti? Makelele ya nini?" Mimi hapo, mtu wa sikio, nilikuwa na la kujibu, nikaliacha. Mama Jerida alijipangusa uso na ncha ya kitambaa chake. "Lakini miguu haikukosea hata mara moja. Nilikuwa naangalia ikosee."

Ayuma alianza kulia, amesimama vile vile kwenye povu. Mama yake alisogeza kigoda nyuma kidogo, mpaka kikagusa ukuta wetu, ili apate nafasi ya kutazama.

"Wacha hizo nguo," alisema. "Cheza hapa, nikuone na uso."